Meli za kitalii zinazozidi kuwa kubwa: jibu kutoka kwa mtu aliyezifanyia kazi

Mwenzetu aliyeanzisha mada ameuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kama inafaa yeye na ndugu zake wachangishane wampandishe mama yao katika mojawapo ya meli za kitalii kubwa kuliko zote duniani, na la pili ni kwa nini sisi watu wa Tanga tusizikaribishe meli hizo hizo nyumbani, ilhali bandari yetu sasa ina kina cha kutosha. Nimefanya kazi katika meli za kitalii kwa mikataba sita, minne katika meli ya ukubwa wa kati na miwili katika meli kubwa sana ambayo sitaitaja jina. Nilianza kwa kuosha masufuria, nikaishia kuwa mhudumu wa vyumba. Nitajibu kwa niliyoyaona, na naomba radhi mapema kwa urefu.

Nianze na ukubwa wenyewe, kwa sababu wengi wakisoma tani hudhani ni uzito. Tani zinazotajwa kwa meli za abiria ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi iliyofungwa ndani ya meli. Titanic ya mwaka 1912 ilikuwa na tani 46,000 na ushei. Mwaka 1988 ilipotoka Sovereign of the Seas yenye tani 73,000, ilionekana kuwa jambo la ajabu. Mwaka 2009 Oasis of the Seas ikavuka tani 225,000. Na Icon of the Seas, iliyoundwa Turku nchini Ufini na kuanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, ina tani 248,663, urefu wa mita 365 na sitaha 20. Ikijaa, hubeba abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350, yaani watu wanaokaribia elfu kumi ndani ya chombo kimoja.

Kukua huku kunatokana na hesabu za mwenye meli. Abiria wakiongezeka mara mbili, hahitaji kuajiri manahodha wawili wala kulipia safari mbili, kwa hiyo gharama ya kila kichwa hupungua. Hata hivyo kuna sababu nyingine ambayo mtu wa nje haioni upesi, nayo ni kwamba tiketi humleta tu mgeni mlangoni, kisha pesa nyingine hutoka kwake akiwa ndani: baa, kamari, picha, intaneti, kukandwa mwili, mikahawa ya kulipia. Mwenye meli anapenda mgeni abaki humo. Ndiyo maana nasema meli kubwa imejengwa iwe ndiyo mahali unapokwenda, na bandari zimekuwa kisingizio cha kung'oa nanga.

Nitoe mfano. Asubuhi moja tukiwa tumefunga gati katika kisiwa kimoja cha Karibi, bibi mmoja wa makamo alinikuta kwenye ujia nimekumbatia mashuka, akaniuliza bahari iko upande gani. Hakuwa akitania. Roshani ya chumba chake ilitazama bustani iliyo katikati ya meli, yenye miti ya kweli na mabenchi, na kwa siku tatu alikuwa amekwenda kula, kuogelea na kutazama michezo bila kukutana na maji ya chumvi. Nilimwelekeza, akashukuru, kisha akapanda lifti kwenda juu kwenye bwawa. Mimi mwenyewe sikuwa na haki ya kumcheka, kwa sababu nililala chini karibu na usawa wa maji, katika chumba kisicho na dirisha, na njia yangu ya kila siku ilikuwa ule ujia mrefu wa wafanyakazi unaopita meli nzima kutoka omo hadi tezi, ambao mabaharia huuita I-95 kwa jina la barabara kuu ya mashariki ya Marekani. Nilikulia karibu na Raskazone, pwani ya mji wetu wa Tanga, mtoto wa kuogelea kila jioni, lakini nilipokuwa baharini miezi saba mfululizo niliiona bahari kwa dakika.

Pamoja na hayo, nisiwe mchoyo wa sifa, kwa sababu mvuto wa meli hizi ni wa kweli, hasa kwa mtu mzima kama mama. Meli kubwa hutulia. Ina mapezi ya chuma yanayochomoza ubavuni chini ya maji na kupunguza kuyumba, hivyo mtu anayetapika kwenye boti ya Unguja anaweza kulala usingizi mzito humo. Lifti ziko kila upande, viti vya magurudumu hupita bila taabu, na zahanati yenye daktari imo ndani. Nguo zinatundikwa kabatini siku ya kwanza na hazifungwi tena mpaka safari iishe. Nimemwona mzee aliyekuja na wajukuu kumi na mmoja. Kila mmoja alijiendea atakako mchana kutwa, na saa moja jioni wote walikuwa mezani pamoja naye. Familia ya namna hiyo meli ndogo ingeichosha kwa siku mbili.

Kuhusu usalama, najua sisi watu wa huku tuna jeraha letu. Mtu anayekumbuka kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na kwa MV Spice Islander mwaka 2011 akiona chuma kikubwa namna ile hupata faraja, na kwa sehemu ana haki, kwa sababu kule abiria hawazidishwi na kila mmoja ana nafasi yake katika boti ya kuokolea. Lakini watu wengi huleta hatari ya namna yao. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, ilikuwa na watu 4,200 na zaidi. Amri ya kuiacha meli ilichelewa, chombo kikalala ubavu hivi kwamba boti za upande mmoja zikawa hazishuki, na watu 32 wakafa jirani kabisa na nchi kavu. Katika mazoezi ya dharura mimi nilipangwa kwenye ngazi, nimevaa jaketi la kuokolea, kazi yangu ikiwa kuwaelekeza watu. Hata katika zoezi, mwanga ukiwa umejaa na meli ikiwa imetulia gatini, wapo waliopotea, wapo waliobeba glasi zao za vinywaji, na wapo waliogombana nami kwa kuwa lifti zimefungwa. Maradhi nayo hupita upesi mahali ambapo maelfu wanashika kijiko kimoja cha kupakulia: Diamond Princess, iliyozuiwa Yokohama Februari 2020 ikiwa na watu 3,711, ilitoa wagonjwa wa korona zaidi ya 700.

Sasa nije nyumbani. Ni kweli kwamba bandari yetu imebadilika. Babu yangu alipakia mkonge kwenye matishari, na hadi juzi tu meli zilikuwa zikitia nanga kiasi cha mita 1,700 kutoka gatini, ilhali leo kina kimetoka mita 3 hadi 13 na gati mbili zina urefu wa mita 450. Kwa kina peke yake, hata hizo kubwa zisingegusa chini, kwa sababu ni pana na huzama mita tisa hivi. Tatizo liko nchi kavu. Chukua abiria 5,000 wanaoshuka saa mbili asubuhi na kutakiwa kurudi saa kumi alasiri. Kwa Kosta za watu thelathini, unahitaji zaidi ya 160 kwa wakati mmoja. Uwapeleke wapi? Mapango ya Amboni yana mahali ambapo mtu huinama na kupita mmoja mmoja nyuma ya mwongozaji mwenye tochi. Magofu ya Tongoni yatajaa kwa Kosta tano. Wengi wameshakula kifungua kinywa kwenye meli, na chakula cha mchana kimeshalipiwa huko huko, kwa hiyo mama lishe wa Ngamiani atawaona wakipita na chupa zao za maji. Tanga husifiwa kwa msemo wa waja leo waondoka leo, lakini hawa wataondoka kabla hata chai haijachemka.

Miaka michache iliyopita nikiwa likizo, ilitia nanga meli ndogo yenye wageni wasiofika mia mbili. Niliwasaidia waongozaji kwa siku moja. Wageni walitembea kwa miguu mjini, wakanunua khanga, wakauliza maana ya kila jina na kutaka kila methali isomwe na kufasiriwa; mama mmoja wa Kijerumani alikaa na shangazi yangu saa nzima akijifunza kukuna nazi kwa mbuzi, akaacha na kidole kimechubuka. Pesa iliyobaki mjini siku ile niliiona kwa macho. Kampuni yenye Icon, kwa upande wake, inaendesha kisiwa chake huko Bahamas kiitwacho CocoCay, ili hata pale mgeni anapokanyaga mchanga aendelee kununua kwa mwenyeji yule yule.

Waliotutangulia wamekwisha kupunguza. Venice, baada ya meli moja kuparamia gati na boti ya watalii Juni 2019, ilizuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mfereji wa Giudecca kuanzia Agosti 2021, na Juneau huko Alaska ilikubaliana na kampuni kwamba kuanzia 2024 zisizidi meli kubwa tano kwa siku. Nasi tuna cha kulinda: tangu 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye jina la samaki ambaye wenye elimu yao walidhani ametoweka zama za kale. Kwa maoni yangu, tuombe meli ndogo kumi zilizotawanyika msimu mzima kabla ya kuota hiyo moja.

Kuhusu mama, mkimpeleka kwenye meli kubwa atafurahi, mradi mjue kwamba mnamnunulia hoteli. Anzeni na viza, kwa sababu zinazoondokea Miami zinataka ya Marekani hata kama safari nzima ni visiwani. Mwombeeni chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, palipo na mtikisiko mdogo, wala msikubali kilicho chini ya ukumbi wa muziki hata kikiwa nafuu. Chakula cha halali kiombwe kwa maandishi mapema, kisha kikumbushwe siku ya kupanda. Na akiuliza kibla, chumbani kuna chaneli ya runinga inayoonyesha ramani, meli ilipo na inakoelekea. Wenzangu nami tuliitumia kila swala, na mara mbili meli iligeuka tukiwa rakaa ya pili.