Maswali na majibu: Kompyuta yako haijui kwamba bando lina mwisho

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni kuchukua intaneti ya simu na kuitumia kwenye kompyuta mpakato. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na zilizofanana nimeziunganisha.

Swali: Nikitumia simu peke yake, GB 5 zinanitosha wiki nzima. Nikiwasha mtandaopepe (hotspot, yaani Wi-Fi inayorushwa na simu) na kuunganisha kompyuta, zinakwisha hata jioni haijafika, na sijafungua chochote zaidi ya barua pepe. Je, kampuni ya simu inaniibia?

Jibu: Swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko jingine lolote, na kila mara muulizaji huanza kumshuku mwenye mtandao kabla ya kuitazama kompyuta yake mwenyewe. Simu inajua kwamba data inayotumia ni ya kulipia, ndiyo maana kwa kawaida husubiri Wi-Fi ndipo ipakue masasisho na kuhifadhi picha mtandaoni. Kompyuta haijui hivyo. Kwake mtandaopepe wako ni Wi-Fi kama Wi-Fi nyingine yoyote, na tangu zamani kompyuta zimeundwa kuichukulia Wi-Fi kama bomba lisilo na mita. Kwa hiyo mara tu inapounganishwa, huanza kufanya kazi zote ilizokuwa imeziweka kiporo: kupakua masasisho ya mfumo, kusasisha programu, kupandisha mafaili mtandaoni na kuoanisha picha.

Siku moja niliketi kando ya kijana mwenye malalamiko kama yako. Alifunga vivinjari vyote mbele yangu, akaapa kwamba hakuna kinachotumia intaneti. Nilimwomba afungue dirisha linaloonyesha programu zinazoendelea kufanya kazi, kisha aipange orodha kwa kufuata matumizi ya mtandao. Juu kabisa ilikuwepo programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ikipandisha folda ya video alizokuwa amezihamisha kutoka kwenye kamera siku iliyotangulia. Alizitazama namba zikipanda kwa dakika nzima bila kusema neno.

Dawa yake ni kuiambia kompyuta ukweli. Katika Windows 10 na 11, fungua mipangilio ya mtandao, ingia kwenye sifa za mtandaopepe wako, kisha uutambulishe kuwa ni muunganisho unaopimwa. Masasisho mengi yatasubiri, na programu nyingi zinazoheshimu alama hiyo zitatulia. Katika kompyuta za Mac, kuanzia toleo la Ventura la mwaka 2022, ipo hali ya kupunguza matumizi ya data ambayo huwashwa kwa kila mtandao peke yake. Zingatia hayo maneno ya mwisho, kwa sababu alama hizi hukaa kwenye jina la mtandao: ukibadilisha jina la mtandaopepe, au ukihamia kwenye waya, itakubidi uiweke alama upya.

Na kama unatazama video, kumbuka kwamba kioo kikubwa huitisha picha kubwa. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba video ya ubora wa HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na ile ya Ultra HD hadi GB 7. Shusha ubora kwa mkono wako, usiiachie programu ikuchagulie.

Swali: Intaneti ya simu haifanyi kazi kwenye kompyuta yangu. Naomba msaada wa haraka.

Jibu: Simu gani, kompyuta gani, umeunganisha kwa njia gani, na kioo kinaandika nini? Bila hayo manne siwezi kukusaidia, wala hakuna fundi mwingine awezaye.

Swali: Kati ya waya wa USB, Wi-Fi na Bluetooth, ipi ni njia bora ya kusambaza intaneti?

Jibu: Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja, ni waya, na ninashangaa kwamba bado watu wanaupuuza. Waya hauingiliwi na mitandao ya majirani, hautaki nenosiri, haumpi nafasi mpita njia kujiunga, na unaichaji simu wakati huohuo. Simu nayo hupumzika, kwa sababu haina tena kazi ya kurusha mawimbi ya Wi-Fi upande mmoja huku ikizungumza na mnara upande mwingine. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba simu ya Android iliyounganishwa na Wi-Fi ya mahali fulani inaweza pia kuipitisha Wi-Fi hiyo hadi kwenye kompyuta kwa njia ya waya, jambo linalomwokoa mwenye kompyuta iliyoharibika kadi ya Wi-Fi.

Wengi hujikwaa kwenye waya wenyewe. Mtu anachomeka, simu inaanza kuchaji, anaingia kwenye mipangilio na kukuta sehemu ya kusambaza mtandao kwa USB imefifia na haibonyezeki, kisha anahitimisha kwamba simu yake haina uwezo huo. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne ndani yake: mbili za umeme na mbili za data. Nyaya nyingi za bei rahisi, hasa zinazouzwa pamoja na taa, feni au spika ndogo, zina zile mbili za umeme tu. Kwa macho zinafanana kabisa. Jaribu waya mwingine, ikiwezekana ule uliokuja na simu, kabla ya kufika mbali.

Wenye Mac na simu za Android wafahamu kwamba simu nyingi za aina hiyo husambaza intaneti ya USB kwa lugha ambayo Mac haiielewi bila kuongezewa programu. Hao watumie Wi-Fi. Wenye iPhone na Windows wanahitaji kwanza kusakinisha programu ya Apple yenye viendeshi, yaani vijiprogramu vinavyoiwezesha Windows kuitambua iPhone, na kisha kuikubalia simu iiamini kompyuta.

Bluetooth ipo, na hutumia umeme kidogo, lakini mwendo wake kwa kazi hii hauvuki Mbps 3 hata kwenye karatasi, na katika matumizi halisi hushuka chini ya hapo. Inatosha barua pepe za maandishi.

Swali: Nenosiri la mtandaopepe ni usumbufu. Nikiliondoa kuna ubaya gani? Na kama ni lazima, namba yangu ya simu inatosha?

Jibu: Ni lazima, na namba yako ya simu haitoshi.

Mtandaopepe usio na nenosiri unamruhusu yeyote aliye karibu atumie bando lako, lakini hilo ndilo dogo. Kila anachokifanya mtandaoni kinaonekana kwa nje kuwa kimetoka kwenye laini yako, iliyosajiliwa kwa jina lako. Akimtukana mtu, akitapeli, au akipakua kitu kilichokatazwa na sheria, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Zaidi ya hapo, mawimbi yasiyofungwa kwa nenosiri husafiri hewani bila usimbaji wa Wi-Fi, na mwenye zana anaweza kuyasikiliza.

Kuhusu namba ya simu, fikiria hesabu hii. Mfumo wa usalama wa Wi-Fi uitwao WPA2, uliotoka mwaka 2004 na ambao bado ndio unaotumika sana, unataka nenosiri la herufi 8 hadi 63. Mshambuliaji haketi karibu nawe akibahatisha neno moja baada ya jingine. Hunasa salamu ambazo kompyuta na simu hupeana wakati wa kuunganishwa, akaenda nazo kwake, akazijaribu kwa mashine. Tarakimu 8 tupu zina michanganyiko milioni 100, na kadi nzuri ya michoro inaweza kuimaliza yote kwa dakika chache. Namba ya simu ina tarakimu zaidi, lakini za mwanzo zinajulikana na kila mtu, na marafiki zako wote wanazo zilizobaki. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaunganishe, na kama simu na kompyuta zote mbili zinaikubali WPA3, mrithi wa WPA2 iliyotangazwa mwaka 2018, tumia hiyo.

Naongeza onyo ambalo hukuliuliza. Ukimpa rafiki nenosiri mara moja, simu yake italikumbuka. Siku nyingine ukiwasha mtandaopepe naye akiwa chumba cha pili, inaweza kujiunga yenyewe bila yeye kujua, na ikiuchukulia kama Wi-Fi ya kawaida, itaanza kusasisha programu na kuhifadhi picha zake za mwezi mzima kwa bando lako. Hana kosa; simu yake inafanya ilivyofundishwa. Badilisha nenosiri kila baada ya kumpa mgeni, na upunguze idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa kuunganishwa ikiwa simu yako ina mpangilio huo.

Swali: Simu za wenzangu zinauona mtandaopepe wangu, lakini kompyuta yangu ya zamani haiuoni kabisa.

Jibu: Simu yako inarusha kwenye bendi ya GHz 5, na kadi ya kompyuta yako inasikia ya GHz 2.4 peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya mtandaopepe ubadilishe bendi iwe 2.4; kwenye simu za iPhone 12 na zilizofuata, washa kitufe cha kuongeza upatanifu. Mwendo utapungua, lakini utaunganishwa. Wenye kompyuta mpya wafanye kinyume chake: bendi ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini simu iliyo mezani kando ya kompyuta haina ukuta wa kupenya, na bendi ya 5 huwa na msongamano mdogo.

Swali: Kompyuta inaandika kwamba imeunganishwa, lakini haifungui ukurasa wowote, ilhali simu yenyewe inafungua bila shida. Nilisikia kuna njia ya kuidanganya kampuni ya simu. Nielekeze.

Jibu: Anza na mambo mepesi. Zima programu ya VPN (ile inayopitisha data yako kwenye njia ya siri) ikiwa ipo, washa simu upya, na uhakikishe Kiokoa Data cha Android kimezimwa, kwa sababu kikiwa kimewashwa huzuia mtandaopepe.

Yakishindikana hayo, soma masharti ya bando lako. Yapo mabando yanayoruhusu intaneti ndani ya simu tu, na kampuni ina njia za kutambua. Moja ni namba ndogo inayoambatana na kila pakiti ya data, ambayo hupunguzwa kwa moja kila pakiti inapopita kwenye kifaa cha kuipitisha. Simu za Android na iPhone huianzisha kwa 64, Windows huianzisha kwa 128. Pakiti ikifika mnarani na 127, ni dalili kwamba haikuzaliwa ndani ya simu. Nimeeleza hili ili mwelewe kinachotokea. Kumfundisha mtu kuvunja mkataba alioukubali sitafanya, na laini ikifungwa hakuna aliyewaelekeza atakayekuja kuwafungulia. Hata hivyo nasema wazi kwamba bando linalotangazwa kuwa halina kikomo, huku katazo la kusambaza likiwa limefichwa kwenye maandishi madogo, halimtendei haki mnunuzi. Sharti hilo linastahili kuandikwa kwa ukubwa uleule wa neno “bila kikomo”.

Swali: Ni programu gani nzuri ya kuongeza kasi ya mtandaopepe?

Jibu: Hakuna. Kasi inatoka kwenye mnara, na programu zinazoahidi kuiongeza zinataka ruhusa zako, matangazo, au vyote viwili. Ziondoe, kisha sogeza simu karibu na dirisha.

Swali: Simu inachemka sana nikisambaza intaneti kwa saa nyingi. Ni hatari?

Jibu: Joto la kiasi ni la kawaida, lakini joto la kudumu huizeesha betri ya lithiamu. Apple hupendekeza iPhone itumike mahali ambapo joto la mazingira ni kati ya nyuzi 0 na 35, nami naona hicho ni kipimo kizuri kwa simu yoyote. Mara nyingi kosa ni la mahali: simu imewekwa juu ya tundu la kompyuta la kutolea hewa ya moto, au chini ya mto, au juani kwenye kingo ya dirisha, kava lake nene likiwa bado limevaliwa. Ivue kava, iweke juu ya meza tupu yenye kivuli, na usiichaji kwa chaja ya kasi wakati inafanya kazi hiyo. Waya wa USB kutoka kwenye kompyuta unafaa zaidi: tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa wati 2.5 tu, ambazo hazitaijaza haraka lakini hazitaipika pia. Ukigusa mgongo wa simu na kuona umevimba, au kioo kimeanza kuinuka ukingoni, izime na uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Swali: Nimeweka VPN kwenye simu. Kompyuta iliyounganishwa nayo inalindwa pia?

Jibu: Kwa kawaida hapana. Data ya kompyuta hupita kando ya VPN ya simu, katika Android na katika iPhone. Iweke kwenye kompyuta yenyewe.

Swali: Nikipigiwa simu katikati ya mkutano wa mtandaoni, kompyuta inapoteza intaneti mpaka nikate.

Jibu: Simu yako ikipokea sauti inashuka kutoka 4G kwenda mtandao wa zamani, na ikiangukia 2G data husimama kabisa. Tafuta katika mipangilio ya laini kitufe cha VoLTE, kinachoruhusu sauti kupita ndani ya 4G yenyewe, na ukiwashe. Ikiwa simu au kampuni yako haina huduma hiyo, elekeza simu zinazoingia kwenye namba nyingine kabla mkutano haujaanza, na mkutano ukiisha usisahau kuuondoa uelekezaji huo.