Machapisho na maombi ya residensi Marekani: kwa dogo wa Tanga

Dogo, umesema una chapisho moja, na sasa kuna jarida limekuandikia barua pepe linataka dola likutolee mengine mawili fasta kabla maombi ya residensi (mafunzo ya udaktari bingwa hospitalini) hayajafunguliwa Septemba. Unauliza ulipe au uache. Acha.

Niliomba ubingwa wa magonjwa ya ndani huko Marekani nikitokea mradi wa malaria Bagamoyo. Majina yangu kwenye machapisho yalikuwa katikati kabisa ya msururu wa waandishi, wala hakuna aliyenihoji kwa nini si la kwanza. Kwenye usaili profesa mmoja aliruka orodha yote akauliza: mama asiyejua kusoma mnampataje ridhaa? Nikamweleza jinsi tunavyomsomea fomu kwa Kiswahili mbele ya shahidi asiye mtu wa mradi, anauliza maswali yake, ndipo anaweka dole gumba na shahidi anasaini. Nikamweleza pia kuhusu wanaosema "ngoja nikamuulize baba yake", wakaondoka, na sisi tukawaacha waende. Muda wote wa usaili uliishia hapo. Sasa wewe hayo mawili ya kununua, ukiulizwa data mlikusanyaje, utajibu nini?

Zile takwimu zinazokutisha zisome vizuri. Ni kweli, mwaka 2022 wahitimu wa Marekani waliopata nafasi ya kusomea upasuaji wa ubongo walikuwa na wastani wa kazi za utafiti zaidi ya 20. Lakini hesabu ile inachanganya machapisho, ikisiri na mawasilisho ya mikutano. Kazi moja ukiipeleka kwenye mkutano kisha ukaichapisha, imeshahesabiwa zaidi ya mara moja. Na wewe unaomba ubingwa wa watoto, si wa ubongo.

Kwa sisi tuliosoma nje ya Marekani, kinachochuja kwanza ni mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani (USMLE), unaofanywa kwa hatua. Step 1 tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo macho yote yamehamia Step 2 CK, hatua ya maarifa ya tiba ambayo bado inatoa alama. Baada ya hapo wanaangalia mwaka uliohitimu, barua za mapendekezo, na kama umewahi kufanya kazi na wagonjwa kule. Chapisho halimwokoi aliyefeli.

Utafiti wa kweli uko mlangoni kwako. Korogwe na Bagamoyo zote zilikuwa kati ya vituo 11 vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ile WHO iliyoipendekeza mwaka 2021. NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) wana kituo hapo hapo Tanga, nenda kaombe hata kazi ya kusafisha data. Au chukua rejesta za wodi ya watoto, uliza swali dogo linalojibika, mtafute bingwa akusimamie, na omba kibali cha maadili KABLA hujagusa faili. Huyo bingwa ndiye atakayekuandikia barua yenye nyama, na barua hiyo ina uzito kuliko chapisho lenyewe.

(Ukibadili mawazo ukabaki kusoma MMed (shahada ya uzamili ya udaktari bingwa) hapa nyumbani, tasnifu utaandika humo humo ndani, usihangaike.)

Kama andiko umeshawatumia hao jamaa, waandikie leo kwamba unaliondoa, na usisaini fomu yao ya haki miliki. Wakishalitoa, jarida la maana halitalipokea tena.