Kinanda cha bei nafuu cha kuanzia: pima vitufe kwanza, sauti 600 baadaye

Mkuu, umeuliza hivi: kuna vinanda viwili vya vitufe 61, kimoja kina sauti 401 (yaani sauti za ala mbalimbali: piano, gitaa, ogani na kadhalika) na kingine sauti 622, mnunuzi hajawahi kupiga kabisa na hela ni ya mawazo. Je, aongeze hela kwa ajili ya hizo sauti 221? Aongeze, lakini si kwa ajili ya sauti.

Kwa namba hizo bila shaka unazungumzia Yamaha PSR-E273 na PSR-E373. Tofauti yenye thamani kati yao haionekani kwenye maandishi makubwa ya boksi: E273 haihisi nguvu ya kidole. Uguse kitufe kama unampapasa paka au ukipige kama unapigilia msumari, sauti inatoka ileile. E373 inahisi. Kwa Casio mpaka huohuo umepita kati ya CT-S200 isiyohisi na CT-S300 inayohisi, na hapo ndipo utaona kwamba idadi ya sauti haikuambii kitu, maana zote mbili zina sauti 400 na midundo 77 (ngoma na usindikizaji unaojipiga wenyewe). Kwenye karatasi ya maelezo tafuta maneno "Touch Response". Yasipokuwepo, usijipe moyo kwamba wamesahau kuandika.

Inavyofanya kazi ni hivi. Chini ya kila kitufe kuna kifuniko cha mpira chenye vidoto viwili vya kaboni, kimoja kinagusa saketi kabla ya kingine. Kinanda kinapima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda mfupi maana yake kidole kimeshuka kwa kasi, kwa hiyo sauti kubwa. Muda mrefu, sauti ndogo. Kinanda kisichohisi kinajua tu kwamba kitufe kimebonyezwa. Anayeanza akifanya mazoezi ya mwaka mzima kwenye chombo cha namna hiyo, vidole vyake havijifunzi uzito. Siku akikalia piano, kidole gumba kinapiga kelele, cha pete hakisikiki, na mkono wa kushoto unaufunika wimbo wa mkono wa kulia. Kuirekebisha tabia hiyo ni kazi kubwa kuliko kuanza upya.

Dukani usikubali kuchezewa demo. Demo inapigwa na mashine yenyewe. Itakuonyesha spika tu, haitakuambia lolote kuhusu vitufe. Weka sauti ya piano, mara nyingi ndiyo namba 001, halafu bonyeza kitufe kimoja cha katikati taratibu sana mara tano, kisha kwa nguvu mara tano. Usijaribu kwa sauti ya ogani, kwa kawaida ogani haibadiliki hata kwenye kinanda kinachohisi. Ukiona hakuna tofauti, ingia kwanza kwenye mipangilio uhakikishe mguso haujazimwa.

La pili ni ukubwa wa vitufe. Kitufe cheupe cha piano kina upana wa takriban milimita 23.5, na oktava moja, yaani vitufe vyeupe saba, inachukua kama sentimita 16.5. Kinanda cha vitufe 61 kina vitufe vyeupe 36, yaani 36 mara 23.5, sawa na milimita 846. Kwa hiyo vitufe peke yake vinahitaji karibu sentimita 85, na ukiongeza plastiki ya pembeni chombo kizima hufika sentimita 93 au 95. Ukikuta tangazo la mtandaoni la "vitufe 61" halafu urefu wa chombo ni sentimita 80, hesabu imekataa: hivyo ni vitufe vidogo. Kwa mtoto wa miaka minne si kosa, ila mtu mzima vidole vitakwama katikati ya vitufe vyeusi, na umbali ambao mkono umezoea utakuwa wa uongo kwenye chombo kingine chochote.

Polifonia, yaani nota ngapi zinaweza kulia kwa wakati mmoja, watu huitilia chumvi. E273 ina 32, E373 na hizo Casio mbili zina 48. Ukiwasha midundo, ukakanyaga pedali na ukaunganisha sauti mbili pamoja, 32 zinaisha haraka, na utasikia nota za zamani zikikatika kabla ya wakati wake. Kwa masomo ya mwanzo 32 zinatosha. Usilipie polifonia peke yake.

Sasa idadi ya vitufe. Kama lengo ni kupiga nyimbo, kusindikiza kwaya au kujifunza muziki kwa ujumla, 61 ni kiwango sahihi. 49 utavichoka mapema kwa sababu mikono miwili inaanza kugombania nafasi. Lakini kama lengo ni piano ya kisomo, yenye mitihani, usinunue kinanda cha midundo halafu ukitupe. Vumilia ukusanye hela ya piano ya kidijitali yenye vitufe 88 vizito, mfano Yamaha P-45, Casio CDP-S110 au Roland FP-10. Katikati ya makundi hayo kuna Yamaha NP-12: vitufe 61 vinavyohisi, sauti 10 tu, polifonia 64. Wauzaji hawaipigii debe kwa sababu 10 haipendezi kwenye tangazo, lakini kwa anayetaka piano tu ni chombo cha maana kuliko vingi vyenye sauti mamia.

Mtego mmoja ambao wageni wengi huuangukia: kuna vinanda vyembamba vizuri, vyenye waya wa USB tu, vinauzwa kama "MIDI controller". Havina sauti ndani. Bila kompyuta au simu yenye programu ya muziki, unabonyeza kimya. Kama huoni spika wala tundu la hedifoni, uliza kabla ya kulipa.

Pedali ya sasteini, ile ya mguu inayofanya nota ziendelee kulia baada ya kuachia kitufe. Matundu yanafanana lakini pedali hazifanani. Pedali ya Yamaha FC5 saketi yake imefungwa, yaani umeme unapita, wakati mguu haupo. Casio SP-3 ni kinyume chake. Ukichanganya, kinanda kinavuta sauti pale unapoondoa mguu na kukata unapokanyaga. Vinanda vingi husoma hali ya pedali wakati wa kuwashwa, kwa hiyo dawa ni kuzima, kuchomeka pedali, kisha kuwasha bila kuikanyaga. Ndiyo maana pia anayewasha kinanda huku mguu umepumzika juu ya pedali hulalamika kwamba pedali "imegeuka". Ukinunua pedali isiyo ya kampuni ya kinanda chako, chukua yenye swichi ndogo ya kugeuza.

Kwenye adapta ndiko vinanda vinakofia. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye chombo, ampea zinaweza kuzidi lakini zisipungue, na uangalie mchoro wa chanya na hasi. Yamaha hizi zinatumia volti 12 na chanya iko katikati ya plagi. Casio nyingi za zamani, zile za adapta ya AD-5, zinatumia volti 9 na hasi ndiyo iko katikati. Kuingiza ya kwanza kwenye ya pili ni kuomba moshi. Betri ni AA sita; usipopiga kwa wiki kadhaa zitoe, maana zikivuja zinakula springi na nyaya.

Jambo dogo linalowatisha wengi: E373 hujizima yenyewe baada ya dakika 30 bila kuguswa. Si ubovu. Shikilia kitufe cha mwisho kushoto huku ukiwasha, na kujizima huko kunaondolewa.

Stendi weka kimo ambacho uso wa vitufe uko kama sentimita 72 kutoka sakafuni kwa mtu mzima aliyekaa, kiwiko kikiwa usawa wa vitufe au juu kidogo. Meza ya kawaida ya kulia chakula iko juu mno, kwani kinanda chenyewe kinaongeza kimo, na mabega yatauma kabla ya vidole kuchoka.

Kama hela haifiki E373 mpya, mimi ningechukua ya mtumba inayohisi kuliko mpya isiyohisi. Kwa Yamaha kuna alama rahisi: PSR-E343, E353 na E363 zinahisi, E243, E253 na E263 hazihisi. Angalia hiyo namba ya kwanza, 3 au 2.

Ukaguzi wa mtumba unachukua dakika kumi. Anza kitufe cha kwanza kushoto, panda kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, hadi mwisho kulia, kwa nguvu ndogo na iliyo sawa. Kisha rudi kwa nguvu kubwa. Kitufe kinachoropoka kwa sauti kubwa kati ya wenzake wapole, au kinachosikika mara moja moja, mara nyingi kina vumbi au unyevu kwenye vidoto vya kaboni. Hilo linasafishika: unafungua skrubu za chini, na uzipange kwa urefu kwa sababu hazilingani, unang'oa utepe wa mpira taratibu, unapangusa vidoto na saketi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili, unaacha ikauke kabisa. Usisugue kaboni kwa msasa, ikitoka haina mbadala. Zungusha kitasa cha sauti: kikikwaruza ni uchafu au uchakavu wa kitasa, punguza bei. Tikisa plagi ya adapta kwenye tundu lake: kinanda kikizima, tundu limelegea, fundi yeyote wa redio analichomea upya.

Ila vitufe vikiwa vimekufa kwa mpangilio, kwa mfano sita au vinane vilivyofuatana, au kila cha nane kutoka kushoto hadi kulia, hapo si vumbi. Vitufe vimeunganishwa kwa safu kama jedwali, na safu nzima ikinyamaza maana yake njia ya shaba imekatika, utepe wa nyaya umechomoka au ubao una hitilafu. Muuzaji atakuambia "ni kusafisha tu". Mwachie akisafishe yeye kwanza, kisha urudi ukipime upya.