Je, mtawala dhalimu amewekwa na Mwenyezi Mungu? Na anayemshangilia kwa hofu ana dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa Kisumu. Tulipokuwa tukisoma juu ya Ujerumani ya Hitler, mwanafunzi mmoja Mwislamu alisema kwamba mjomba wake amemfundisha kuwa kila mtawala huwekwa na Mwenyezi Mungu, kwa hivyo kuchunguza aliingiaje madarakani ni kumpinga Mungu. Mwenzake akauliza: mtu aliyeishi chini ya utawala wa kiimla, akawa anapiga makofi kwa kuogopa, ana dhambi? Nilikosa la kuwajibu. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, Mwalimu.

Mjomba ameshika aya ya kweli, ila ameishika kwa upande mmoja. Katika Surat Aal Imran (3:26) tunasoma kwamba Allah humpa ufalme amtakaye na humwondolea amtakaye, lakini kupewa si kuridhiwa. Katika Surat al-Baqara (2:258) anatajwa mtu aliyebishana na Nabii Ibrahim kwa sababu Allah alikuwa amempa ufalme, naye ni yule ambaye wafasiri wengi humwita Namrudhi. Ufalme alipewa, na aya haimsifu hata kidogo.

Tena Qur'ani yenyewe inachunguza. Kisa cha Firauni kimerudiwa mara nyingi, na hakikurudiwa ili tujue tu kwamba alizama baharini. Surat al-Qasas (28:4) inaeleza alichofanya: alijikweza katika nchi, akawagawa watu wake makundi makundi, kisha akalidhoofisha kundi moja, akiwachinja watoto wao wa kiume. Angalia mpangilio huo, kwa maana mgawanyo umetajwa kabla ya machinjo. Hakutawala peke yake pia. Alikuwa na waziri wake Hamana na majeshi, na alikuwa na wachawi ambao, kabla ya kumkabili Musa, waliuliza kwanza watalipwa nini, naye akawaahidi kuwa watu wa karibu naye.

Sasa urudi kwenye somo lako. Wanafunzi wengi hudhani Hitler alivunja mlango. Chama chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote, lakini katika uchaguzi wa Novemba 1932 kilipata takriban asilimia 33 tu ya kura, na tarehe 30 Januari 1933 aliitwa na Rais Hindenburg na kupewa ukansela, yaani uongozi wa serikali, huku wanasiasa wa zamani waliomzunguka wakiamini kwamba watamshika hatamu. Bunge likaungua usiku wa tarehe 27 Februari. Kesho yake ikatolewa amri iliyoondoa uhuru wa kusema, wa kukutana, na hata siri ya barua na simu, kwa hoja kwamba nchi iko hatarini. Tarehe 23 Machi wabunge wakakutana katika jumba la opera la Kroll, askari wa chama wakiwa wamejaa humo ndani, na wabunge Wakomunisti wakiwa jela au mafichoni. Sheria ya kuipa serikali uwezo wa kutunga sheria bila bunge ilihitaji theluthi mbili. Ilipata kura 444 dhidi ya 94. Waliokataa walikuwa chama kimoja tu, Wasoshalisti, na kiongozi wao Otto Wels alisimama akasema wazi kwamba hawataikubali.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi watu wa dini. Miongoni mwa waliosema ndiyo kilikuwamo chama cha Wakatoliki, kilichoongozwa na padri, Ludwig Kaas, baada ya kuahidiwa kwamba haki za kanisa lao zitalindwa. Kabla Julai haijaisha chama hicho hakikuwapo tena, wala chama kingine chochote isipokuwa kimoja. Sisemi haya kuwacheka Wakristo, kwani masheikh wetu waliohalalisha madhalimu kwa kanzu na bahasha ni wengi mno. Lakini pia tunaye Imam Abu Hanifa, aliyekataa ukadhi wa Khalifa al-Mansur, akafungwa, akafariki mwaka wa 150 Hijria. Alijua kwamba dhalimu anahitaji muhuri wa mtu mwema kuliko anavyohitaji upanga wa mtu mwovu.

Kuudumisha utawala ni kazi nyingine. Dikteta wa kawaida hutaka unyamaze. Wa kiimla hutaka hata moyo wako, na hiyo ndiyo nguzo yake ya kwanza. Wachawi walipoamini, Firauni aliwauliza: mmemwamini kabla sijawaruhusu? (26:49). Agosti 1934 wanajeshi wa Ujerumani waliapishwa kwa jina la Mungu kumtii Hitler bila sharti lolote, akitajwa kwa jina lake. Kwetu kiapo cha namna hiyo hakina nguvu, kwani hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba.

Nguzo ya pili ni kumfanya kila mtu amwogope jirani. Nikiwa kijana, tulikuwa tukiswali na mzee mmoja aliyevuka Busia kutoka Uganda wakati wa Idi Amin. Ukimwuliza bei ya sukari, alitazama mlangoni kwanza, ndipo akajibu kwa kunong'ona, na hapa ni Kisumu, ambako hakuna aliyemfuata. Amin alikuwa Mwislamu, na baadhi yetu tulimfurahia kwa jina lake tu, ilhali Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani mwaka wa 1972 asirudi tena. Sasa soma katazo la kupelelezana katika Surat al-Hujurat (49:12) ukimkumbuka mzee yule.

Ama swali la makofi, hukumu yake inatoka katika Surat an-Nahl (16:106), iliyomsamehe aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetulia katika imani, na inasimuliwa kuwa iliteremka kuhusu Ammar bin Yasir, aliyetamka neno la kufuru chini ya mateso. Akisamehewa Ammar kwa neno hilo, basi mwenye kupiga makofi kwa hofu ya kweli anasamehewa zaidi, mradi hofu iwe ya jela au roho, si hofu ya kukosa cheo. Lakini msamaha huu una mpaka: wanazuoni wamekubaliana kwamba aliyelazimishwa hana ruhusa ya kumuua asiye na hatia ili ajiokoe, kwa kuwa roho yake si bora kuliko ya mwenzake. Kwa mtazamo wangu, kumpelekea mpelelezi jina la jirani, ukijua atakakopelekwa, kunaingia katika mlango huo huo.

Wallahu a'lam.