Nililia kwa ajili ya kiumbe wa miguu mitano

SWALI

Mwalimu, salamu kutoka Malaba. Mimi ni wakala wa forodha upande wetu wa Uganda. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kungoja: mzigo umefika, karatasi moja haijatoka, foleni ya matrela haisogei. Mwaka jana mpwa wangu aliyemaliza masomo Kampala aliniachia riwaya tatu za kisayansi, nikazisoma humo humo kwenye foleni.

Ya kwanza ni Project Hail Mary ya Andy Weir, ya mwaka 2021. Mwalimu wa sayansi anazinduka ndani ya chombo cha angani, hakumbuki hata jina lake, na wenzake wawili wamekufa. Vijidudu vinanyonya nguvu ya jua letu, na yeye ametumwa kwenye nyota nyingine kutafuta dawa. Huko anakutana na Rocky: miguu mitano, mwili kama jiwe, macho hana, na akisema ni kama kinanda kinapigwa. Nilimlilia Rocky, Mwalimu, mpaka dereva mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Ya pili ni Klara and the Sun ya Kazuo Ishiguro, nayo ya 2021. Klara ni mashine iliyonunuliwa iwe rafiki wa msichana mgonjwa. Nilimwonea huruma ila sikumwelewa. Mashine inaliombaje jua kama sisi tunavyomwomba Mungu? Ya tatu, The Old Drift ya Namwali Serpell wa Zambia, ilinishinda. Nilisoma kurasa nyingi nikiingojea sayansi, nikaiweka chini.

Kaka yangu anasema hizi ni hadithi za watu walioshiba, mambo ya anga si yetu. Je, ni vibaya mtu mzima kumlilia kiumbe asiyekuwepo? Na hiyo ya Zambia niirudie?

JIBU

Dada yangu wa Malaba, si vibaya hata kidogo. Hukusema ulilia wapi, lakini nadhani ni pale kwenye habari ya usingizi. Kwa watu wa akina Rocky, aliyelala ni kama maiti, hawezi kuamka mpaka mwili wenyewe umalize kazi yake. Ndiyo maana kwao hakuna anayelala bila mwenzake kukaa macho karibu naye. Rocky anamtaka binadamu huyu, mtu asiyeweza hata kuvuta hewa moja naye, amlinde akilala. Na Rocky akamlinda yule mwalimu vilevile. Wewe umekaa kwenye foleni hiyo usiku. Umemwona dereva amejilaza ndani ya kabini na tanboi yuko chini analizunguka lori asije mtu akafyonza mafuta. Huhitaji mhakiki akueleze kwa nini sura ile inauma.

Mimi nilifundisha fizikia Tororo kwa miaka mingi, na sehemu niliyoirudia mara tatu ni ile ya kujifunza lugha. Rocky hutoa noti za muziki kadhaa kwa pamoja. Yule mwalimu anazitenganisha kwa kompyuta, noti moja moja, kisha anaandika kila mkusanyiko na maana yake, kama mtoto na daftari la msamiati. Hawaanzi na salamu. Wanaanza na muda na hesabu, na hesabu ya Rocky inakwenda kwa sita kwa sita maana huhesabu kwa mikono miwili, na kila mkono una vidole vitatu. Mpakani kwenu si ndivyo? Dereva wa Kongo na mama muuza chai wa Kiteso huanza na "ngapi?" na "saa ngapi?", mengine hufuata. Somo la mawimbi ya sauti wanafunzi wangu walilichoka mapema, na laiti ningekuwa na Rocky wakati ule.

Kasoro ya kitabu iko huku duniani. Mataifa yanakubali upesi mno kumkabidhi mwanamke mmoja mamlaka yote. Sijaona hata kijiji kikielewana hivyo juu ya kisima.

Kuhusu Klara, kumbuka yeye hupata nguvu kutoka kwenye mwanga wa jua. Akiwa bado dukani aliona ombaomba na mbwa wake wamelala kama wafu, kesho yake jua likawapiga, wakawa hai. Kwa tukio hilo moja akajenga imani nzima. Na sisi imani zetu nyingi hatukuzijenga hivyo hivyo?

The Old Drift irudie, tafadhali. Usingoje roketi. Mtafute Edward Makuka Nkoloso, mtu wa kweli, ambaye mwaka 1964, Zambia ikipata uhuru, aliwafunza vijana safari ya mwezini kwa kuwabiringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta. Waandishi wa habari wa kigeni walimcheka. Serpell anamtazama kwa heshima, naye Matha, msichana aliyekuwa katika kundi lile, ndiye aliyenishika mimi. Sayansi yenyewe inakuja mwishoni, vyombo vidogo vinavyoruka kama mbu, na mbu hao umekuwa ukiwasikia wakisimulia tangu mwanzo. Riwaya hiyo ilipewa tuzo ya Arthur C. Clarke, tuzo ya riwaya za kisayansi, mwaka 2020.

Kaka yako mwambie hivi: Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa, na mwezi uliofuata ikaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Waliofanya kazi ya kuiunda huko Japani ni wahandisi watatu wa kwetu. Kituo cha kuwasiliana nayo kilikuwa Mpoma, wilaya ya Mukono, wilaya ile ile matrela yenu yanayopita kwenda Kampala.

Ukimaliza, tafuta A Killing in the Sun ya Dilman Dila, hadithi fupi za mwaka 2014. Zinatosha foleni moja moja, na mwandishi wake ni mzaliwa wa hapa hapa Tororo.