Kabla ya ramani, zungumzia mita 60

Juzi dada mmoja wa Kilwa kaniandikia. Ameajiriwa na mradi wa mazingira, kazi yake ni kuwashirikisha watu wa vijiji vya pwani kupanga namna ya kujikinga na mafuriko, na watu hawaji. Wakija, wananyamaza. "Kaka, wewe huko Pangani uliwezaje?" Swali limenifurahisha, sifichi, maana wanaokumbuka kwamba kuna mtu aliweza ni wachache. Namjibu hapa kwa sababu najua mko wengi mnaofanya kazi hii, na nyote mnataka mpango unaobaki hai baada ya gari la mradi kuondoka.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, ng'ambo ya kusini ya mto. Mto wetu unaanzia Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unakuja kumalizikia kwetu. Masika ikigongana na bamvua, yale maji makubwa ya bahari ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya mto yanataka kutoka, bahari imejaa na haiyapi njia, basi yanaingia uani kwa watu. Hilo babu zetu walilijua. Jipya ni kwamba bahari yenyewe inapanda: kati ya 1901 na 2018 kina chake duniani kimeongezeka kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na kasi inazidi. Kwenye pwani ambayo maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, mtu wa ofisini huona sentimita hizo ni chache tu. Mwenye nyumba ambayo kizingiti chake kimeyazidi maji ya bamvua kwa shubiri moja haoni hivyo.

Miaka michache iliyopita ukaja mradi kijijini kwetu. Nikachukuliwa kuwa mwezeshaji, maana yake nitafute viti, nitafsiri, na nijue nyumba ya nani iko wapi. Barua ya mkutano ikapitia kwa mtendaji: saa nne asubuhi, shuleni. Nikawaambia siku hiyo ni bamvua. Wakaniuliza bamvua ndiyo nini. Kwa wasiojua: siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku kwetu maji hupwa kabisa mida hiyohiyo ya saa nne, saa tano. Kina mama wote wako chini kwenye mwani na kwenye pweza, na watakaa huko mpaka maji yawafukuze. Walibadilisha ratiba? Ratiba ilikuwa imeshapitishwa, wakasema.

Waliokuja ni wazee wachache na vijana waliosikia harufu ya posho. Ukutani ikaonyeshwa ramani, bahari ya buluu, na mstari wa nyumba zetu umepakwa nyekundu. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo nyekundu ndiyo X?" Nani asiyezijua zile alama za X, nyumba za bonde la Msimbazi zilivyochorwa na kuvunjwa kule Dar mwishoni mwa 2015? Mtaalamu akacheka, akasema hapana mzee, hiyo ni hatari tu. Baada ya hapo hakuna aliyefungua kinywa tena. Soda zikanywewa, watu wakaenda zao. Kwenye ripoti nikakuta imeandikwa kwamba jamii ina "mwamko mdogo". Jamii hiyo ni mama yangu na shangazi zangu. Bado inaniuma.

Basi nikaanza kuzunguka mwenyewe jioni, kwenye baraza za kahawa na kwa kina mama wakianika mwani. Sikwenda na karatasi. Na kila mahali nilipofika, mazungumzo yalirudi kwenye jambo moja ambalo halikuwemo kwenye ajenda ya mtu yeyote: mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na pwani nzima wameisikia hata ambao hawajawahi kuiona imeandikwa. Mama mmoja wa mwani aliniambia, mikono yake bado na chumvi: "Maji yakija, mwanangu, yanaondoka. Mtu wa tepu akija haondoki."

Dada yangu wa Kilwa, hapo ndipo pa kuanzia. Watu wa pwani maji wanayafahamu kuliko wewe na mimi. Wanachoogopa ni kwamba wakikuonyesha maji yanapofika, watakuwa wamekuonyesha pa kuvunja. Usipolisema wewe la kuhamishwa, watalisema wao ukishaondoka, na watalisema vibaya.

Mkutano uliofuata tukauweka kipindi cha maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana wala haijai sana, baada ya alasiri, chini ya mkungu, na ajenda ya kwanza ikawa hiyohiyo. Nikahangaika mpaka afisa ardhi akakubali kuja kujibu mwenyewe. Majibu yake hayakuwa matamu: kujenga upya mbele hairuhusiwi, na kuhusu nyumba za zamani hawezi kuahidi lolote. Watu walimfokea. Lakini walimfokea ana kwa ana, na walipomaliza, wakabaki. Tulizungumza mpaka adhana ya magharibi.

Siku zilizofuata ndizo ninazojivunia. Tulipita nyumba kwa nyumba kuulizia El Nino ya 1997/98, kwa sababu kila mtu mzima anaikumbuka na hakuna anayehitaji kufundishwa. Tukawa tunatia alama ya mkaa mahali maji yalipofikia. Bibi mmoja hakutaka mkaa. Akaweka kiganja kwenye mwimo wa mlango wake, usawa wa nyonga, akaniambia nipapase. Juu ya kiganja mbao ilikuwa laini na nzima, chini yake imelika na kuchanika nyuzinyuzi. Akasema, "Andika hapo."

Kisha tukachora kijiji chini, kwa majivu. Maganda ya kombe yakawa nyumba, kamba ya nazi ikawa ufukwe. Ubishi ukazuka pale ilipotakiwa kuwekwa kamba ya mkondo wa zamani, ule uliokuwa ukitoa maji ya mvua kwenda kwenye mikoko. Ulikuwa umezibwa, na uzio uliouziba ulikuwa wa mtu mzito. Kumbe nusu ya mafuriko tuliyokuwa tunaitupia lawama bahari yalikuwa maji ya mvua yasiyo na pa kwenda! Ramani ya buluu haikuwa na mkondo huo. Kuuzibua kulihitaji majembe, na mwenyekiti mwenye moyo wa kwenda kugonga mlango wa mtu mzito. Tulimpata.

Mradi nao ulikuwa na lake: kupanda mikoko, na kupiga picha za kupanda mikoko. Wazee walisema mbele kabisa, panapopigwa na wimbi, husimama mlilana, mti wa jamii hiyohiyo ya mikoko, na mkoko wenyewe hukaa nyuma kwenye tope. Ikapandwa mikoko mbele, kwenye mchanga, kwa mistari iliyonyooka kama bendi ya polisi. Sina la kuongeza.

Na grafu, tafadhali, ziache kwenye gari. Ukitaka watu wa kwetu waamini kwamba nchi kavu inaweza kwenda na maji, waulize wazee habari za Maziwe. Wanakikumbuka kisiwa chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji makuu hulifunika lote. Kila pwani ina Maziwe yake. Ya Kilwa itafute wewe.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilipotoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya, nilikuwa safarini. Nikapiga simu nyumbani nikiwa na hofu, nikaambiwa usitusumbue, tuko kazini. Vipaza sauti vya misikiti vilishatangaza, BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, walishavuta mashua juu, na vijana ambao kwenye mpango wetu walipangiwa kuwabeba wazee wasiojiweza walikuwa wameshakaa kwenye nyumba hizo. Kimbunga kilitua Mafia tarehe 4 kikadhoofika, sisi hakikutufikia kwa nguvu. Watakaosema basi tulijisumbua bure, waseme. Mpango ulifanya kazi bila mimi na bila mradi.

Ile ramani ya majivu ilipigwa picha, ikachorwa upya kwa kompyuta, ikachapishwa kwenye kitabu kizuri chenye nembo tano. Hakuna jina hata moja la mwanakijiji. Mimi nimo, ukurasa wa shukrani: "mwenyeji mmoja". Yule bibi wa mlango hayumo kabisa. Kwa hiyo wewe, dada, na wengine wote mnaosoma: andikeni majina ya waliochora pembeni ya ramani siku hiyohiyo, kabla majivu hayajapeperuka. Toeni nakala, moja ibaki kwa mtendaji, moja shuleni, moja kwa BMU. Msiahidi ukuta, kwa sababu kila kijiji kitaomba ukuta, na ukuta ni ghali, tena wimbi linalozuiwa hapa huenda kula pale ukuta unapoishia. Mseme la kuhamishwa kwanza. Mtazame mwezi kabla ya kuandika barua.

Na kama kuna posho, mtangaze ni kiasi gani mbele ya wote na mlipe siku hiyohiyo. Kijijini kwetu wapo wanaoudai ule mradi mpaka leo, na wananidai mimi.