Mdogo wangu, kidonda kitie kwenye mizani

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, mimba imetoka na kila mtu ananiambia nimshukuru Mungu. Nataka kutunga shairi, ila nikishika kalamu nalia tu." Nimemjibu faraghani, lakini najua wengi mnaonisoma mna daftari lililofichwa chini ya nguo, na mnatamani siku moja liwe diwani. Basi nisikilizeni.

Mimi pia nilimpoteza mtoto kabla sijampakata. Mwanzoni niliandika maneno makubwa: maumivu, giza, machozi. Kurasa zikajaa, nafuu sikuiona. Nilipohamia kwenye utenzi ndipo mambo yakageuka. Kipande cha mizani 8, yaani mstari wa silabi nane tu, hakikupi nafasi ya kuomboleza kila kitu, lazima uchague kimoja. Nikachagua fulana:

Fulana niliyofuma
ipo kabatini nyuma
sindano ndani yachoma
na mwenyewe hakuvaa

Kipande cha mwisho kilininyima usingizi. Kwanza niliweka "na moyo wangu walia". Mizani imetimia, kina kimekaa, lakini hayo angeyasema yeyote. Kilipokuja "na mwenyewe hakuvaa", kikatoka kilio nilichokibana tangu hospitalini.

Mhariri mmoja aliurudisha mswada wangu akisema ni "vilio vya wanawake". Neno hilo bado linaniuma. Wanaume wametunga vita vyao na mapenzi yao, na hakuna aliyeviita vilio. Leo wanawake nisiowajua wananiambia wameunakili ubeti ule na kuuweka karibu na kitanda. Najivunia, wala sifichi.

Tena hatukuanza sisi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mtunzi wa Pate katika pwani ya Kenya, maradhi yakiwa yamemshika mwaka mzima, alimwita binti yake asogee na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa mawaidha. Mafunzo yake kuhusu ndoa mtayajadili wenyewe. Mimi nashika hili: ugonjwa aliutaja kwa ufupi, kisha akamgeukia mtu wa kusema naye. Na wewe mtafute wako. Sema na mama, na mtoto ambaye hakuja, na wewe wa miaka ile. Shairi lisilo na wa kuambiwa huzunguka palepale.

Usitishike ukimaliza kuandika ukajiona umeumia zaidi. Watafiti James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo yao Marekani mwaka 1986: wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, walioeleza tukio pamoja na hisia zao walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wengine. Kwa hiyo lia, funga daftari, kesho rudi. Ila kama hulali, huli, au unawaza kujidhuru, tafuta mtaalamu kwanza. Utenzi utakungoja.

Wanawake wenzangu, acheni kuandika "mimi ni malkia, nimeinuka" kabla hamjaandika mlianguka wapi. Taja kitu kinachoshikika. Hesabu mizani kwa vidole. Futa neno "maumivu" popote lilipo, uone kama ubeti bado unauma. Na huyo anayekwambia uache kulialia, usimwonyeshe hata mshororo mmoja hadi shairi limekamilika na wewe mwenyewe umeridhika nalo.